Beck, dyke, ings: je, yote ni "mto"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Hull, mashariki mwa Yorkshire, Uingereza, na ninatafsiri matangazo ya tahadhari ya mafuriko kwa ajili ya Waswahili tuliohamia huku, wengi wao kutoka Kongo. Katika hati ya mwisho nilikutana na maneno ya Kiingereza beck, dyke, drain, ings na gypsey. Kamusi yangu ya shule haina hata nusu yake. Beck na dyke nikaandika "mto", drain nikaandika "bomba la maji taka", ings nikaandika "mbuga", gypsey nikairuka. Mhariri amenirudishia kazi yote. Haya ni majina tofauti ya kitu kimoja, au ni vitu tofauti?

JIBU: Marahaba. Mengine ni majina ya kitu kimoja, mengine ni vitu tofauti kabisa, na moja kati yao hubadili maana ukivuka wilaya chache. Kiingereza cha mashambani hakijawahi kuwa kimoja. Kati ya 1950 na 1961 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, chini ya Harold Orton, walizunguka vijiji na miji 313 wakiwauliza hasa wazee wanaitaje vitu vya kila siku. Kila eneo lilikuwa na majina yake.

Beck ndiyo nyepesi. Ni kijito. Jeshi la Wadenmark lililotua Uingereza mwaka 865 liliteka York mwaka uliofuata, na watu wake wakaishia kuwa wakulima hapo hapo. Walikiita kijito bekkr, na neno likabaki. Panda kaskazini hadi Northumberland, kijito ni burn. Shuka kusini, ni brook. Usihangaike kutafuta maneno matatu ya Kiswahili. "Kijito" au "mto mdogo" yanatosha, nami kwa wasomaji wako ningechagua "mto mdogo", kwa kuwa litaeleweka Mombasa na litaeleweka Bukavu. Likiwa sehemu ya jina, kama Beverley Beck, liache lilivyo, maana ndilo litakalosomwa kwenye kibao.

Dyke ni mtego. Kwenu Hull, ardhi ikiwa tambarare kama sakafu, dyke ni mtaro wa kupitisha maji shambani. Nenda Uskoti, mkulima akikuambia amejenga dyke anamaanisha ukuta wa mawe. Na Offa's Dyke, lililochimbwa karne ya 8 kwenye mpaka wa Wales, ni tuta refu la udongo lenye handaki ubavuni. Sababu yake inaonekana kwa yeyote aliyewahi kushika jembe: ukichimba mtaro, udongo lazima uutupe pembeni, na pembeni kunainuka tuta. Kazi moja, vitu viwili. Wengine jina wakalipa shimo, wengine wakalipa kilichoinuka. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri dyke uliza kwanza hati inazungumzia wilaya gani. Kwa Hull andika "mtaro".

Kosa lililonitia wasiwasi zaidi ni la drain. Mjini ni kweli huwa ni bomba au shimo la maji machafu, lakini huko kwenu ni mfereji mkubwa ulio wazi, uliochimbwa kuondoa maji kwenye nyanda za chini. Beverley and Barmston Drain unapita katikati ya mji wenu. Pengine unaupita kila siku ukienda kazini. Mama akisoma kwamba bomba la maji taka linafurika atakimbilia kuangalia choo, na hatari iko nyuma ya nyumba. Andika "mfereji".

Ings ni malisho ya chini kando ya mto, ambayo huachwa yajae maji. Pale York, Clifton Ings hutumika kupokea maji ya mto Ouse yanapozidi, ili yasiingie mjini. Tangazo likisema maji yameingia kwenye ings, mara nyingi eneo hilo linafanya kazi yake tu, na tafsiri isiwatie watu hofu isiyo na sababu. "Mbuga" ulikaribia. Mtu wa Shinyanga angekuelewa, kwa kuwa kwao mbuga ni bonde la udongo mweusi linalotuama maji na kulimwa mpunga. Wengine wengi watafikiria tembo na twiga. Andika "malisho ya kando ya mto yanayofurika".

Gypsey ndiyo usiyopaswa kuiruka. Herufi g hapo husomwa kama katika "giza". Ni kijito cha vilima vya Yorkshire Wolds ambacho hukauka na kurudi. Vilima hivyo ni mwamba laini wa chokaa, unaonyonya mvua kama sifongo. Maji hupanda ndani kwa ndani, na mwamba ukishashiba, chemchemi hufumka bondeni, pengine majuma kadhaa baada ya mvua kubwa, siku jua likiwaka. Wazee wa huko waliuogopa Gypsey Race, unaomwaga maji yake Bridlington, wakiamini kwamba ukitiririka kwa nguvu kuna balaa mbele. Kusini kwenye chokaa kama hiyo kitu hicho hicho kina majina mengine: Dorset ni winterbourne, Kent ni nailbourne, Sussex ni lavant. Kiswahili cha "mto wa msimu" hakitoshi hapa, kwani msomaji wetu anajua korongo linalojaa mvua ikinyesha na kukauka ikikatika. Gypsey huja kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakomkuta mtu ameshashusha magodoro aliyoyapandisha juu.

Kwa tangazo lako ningeandika hivi: "Vijito vya chemchemi vinavyoitwa gypsey vinaweza kufurika hata siku nyingi baada ya mvua kukatika. Kama unaishi bondeni, usirudishe vitu chini kwa sababu tu umeona jua." Mpelekee mhariri hiyo pamoja na "mfereji", na hayo mawili yatoke kwanza.