Jibu: Wimbo wa polepole unasifiwa studioni, redioni hausogei

Ndugu, umeuliza mbona wimbo wa mapenzi wa binti yenu hapa Kisumu haupigwi redioni. Kwa mwendo wa mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, utangulizi wa sekunde 40 unaua wimbo. Sauti iingie kabla ya sekunde 15, kiitikio kabla ya dakika moja. Akikaza koo kwenye noti za juu kabisa, shusheni ufunguo wa wimbo nusu toni na mrekodi upya. Kompyuta haitibu koo. Kinanda kipunguzwe anapoimba chini, la sivyo kinameza maneno.

Mgao wa mapato na produsa uandikwe mapema, kisha msajili wimbo KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Skiza, huduma ya Safaricom inayomchezea wimbo anayepiga simu, msiidharau: sheria ya 2022 inampa msanii angalau asilimia 52 ya mapato yake. Kipande cha wimbo cha Skiza kianzie kwenye kiitikio, mpigaji simu hasubiri.