Shangazi, vipimo viko sawa lakini bado naona nakufa

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31. Tangu mwanzo wa mwaka, ghafla tu moyo huanza kwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, naona roho inatoka. Nimepimwa moyo, damu na tezi ya shingo, daktari anasema sina ugonjwa. Lakini kutwa najihesabia mapigo, na usiku nasoma habari za magonjwa ya moyo kwenye simu. Nimeacha kupanda basi. Mume wangu anasema najidekeza. Je, kama daktari kakosea?

Marahaba, mwanangu. Hujidekezi. Ganzi hiyo unaisikia kweli, na kifua kinabana kweli.

Unayoyaeleza yanafanana sana na shambulio la hofu. Mwili ukidhani kuna hatari humwaga adrenalini kwenye damu, moyo ukaenda mbio na pumzi ikawa ya harakaharaka, ili upate nguvu za kukimbia. Wewe umekaa tu, huna unachokikimbia. Basi pumzi hiyo hutoa kabonidioksidi nyingi mno mwilini, na hapo ndipo vidole na midomo hufa ganzi na kichwa huzunguka. Unahisi hewa haitoshi, kumbe unapumua kupita kiasi. Kwa kawaida hali hii hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kujipima. Moyo wa mtu anayejihesabia mapigo kwa woga utaongeza kasi, nawe utaichukulia kasi hiyo kuwa ushahidi. Na hilo swali lako, kama daktari kakosea, halina kipimo cha kulimaliza. Ukipimwa tena leo utalala vizuri, kesho jioni shaka imerudi, nayo inataka kipimo kingine. Wasiwasi wa afya hulishwa hivyohivyo.

Kwa hiyo, habari za magonjwa kwenye simu ziache kabisa. Mapigo, ukitamani kuyahesabu, jicheleweshe dakika 15 kwanza. Ukizoea, fanya nusu saa. Hamu yenyewe itapungua, ingawa siku za mwanzo zitakuwa ngumu, sikufichi. Daktari awe mmoja, huyo anayekufahamu.

Shambulio likija, usikimbie. Baki ulipo. Vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Usipigane nalo wala usijilazimishe litulie. Jiambie ni hofu, inapanda, itashuka. Wapo watakaokwambia upumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Usifanye hivyo, maana kama tatizo ni pumu au moyo unaweza kujidhuru.

Basi nalo urudi kulipanda, na usichelewe. Kila unapolikwepa, woga unapata nguvu. Anza na kituo kimoja ukiwa na mumeo, kisha viwili, kisha peke yako. Hofu ikikushika njiani, kama unaweza usishuke mpaka ipungue, ili mwili wako ujionee kwamba imepita na hukufa.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguze, vinaharakisha moyo. Na mwombe daktari akuelekeze kwa mwanasaikolojia anayetoa tiba ya kubadili fikra na mwenendo. Kwa tatizo hili inasaidia wengi. Wengine huongezewa dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu.

Kutojipima hakumaanishi kupuuza hatari. Maumivu ya kifua yanayokuja unapopanda ngazi au kufanya kazi nzito na kutulia ukipumzika, mwonyeshe daktari haraka. Yakisambaa kwenye mkono au taya, yakigoma kuondoka, au ukizimia, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mumeo msomee barua hii, siku ambayo nyote mmetulia. Mwambie neno kujidekeza linakufanya ufiche, na ukificha unazidi kuogopa. Shambulio likikujia, hana haja ya kubishana nawe wala kukuhakikishia mara ishirini kwamba huumwi. Akae karibu, apumue polepole ili umfuatize, na likishapita asikimbilie kukurudisha nyumbani. Muendelee na safari yenu.