Mwenzetu mkimya amefariki na kundini hakuna anayemkumbuka vizuri

Mkuu, umeuliza mfanye nini: mliyekaa naye bweni moja kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne amefariki, alikuwa mkimya, na kundi la WhatsApp limejaa "pumzika kwa amani" za watu wasiokumbuka hata sura yake. Misiba ya namna hii huwashinda waweka hazina wengi kuliko ya wale maarufu.

Hakikisheni kwanza ni yeye. Majina mawili hayatoshi. Pateni yote matatu, mwaka aliomaliza na kijiji alikotoka, kisha mmoja wenu ampigie ndugu wa damu. Picha isubiri familia iithibitishe. Mkimya husimama mstari wa nyuma siku ya mahafali, nusu ya uso imezibwa na bega la mwenzake; ndivyo kundi linavyotundika picha ya mtu mzima wa afya aliyeko Mwanza.

Mchango usiwe wa "kila mtu atoe alichonacho" huku orodha ikipandishwa kila jioni. Aliyekuwa kiranja atapata laki kadhaa, mkimya atapata nauli. Wekeni kiwango kimoja kwa kila msiba: watu 40 kwa 10,000 ni laki nne, basi. Tumeni kwa mjane mwenyewe, na ya kutolea juu yake, na msomeni jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Pesa ikipitia kwa shemeji wa mjini, huishia kwenye turubai na viti. Kama ni Mwislamu, mjane yuko eda miezi minne na siku kumi, kwa hiyo wanaume wahani kwa kaka zake, na wanawake wa darasa lenu ndio waingie ndani.

Sasa kumbukumbu ya kuiandikia familia, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko bahasha. Ukiuliza kundi zima "nani anamkumbuka?" utapata ukimya au uongo. Nendeni kwa watu maalumu, faragha. Aliyelala kitanda cha juu au cha chini yake. Waliokuwa naye zamu ya usafi. Waliopanda naye basi moja likizo. Chumba cha mtihani kinapangwa kwa namba, hivyo wenye namba iliyomtangulia na iliyomfuata walikaa karibu naye mtihani wote wa taifa. Msisahau mpishi na mlinzi. Wanafunzi wakimya huzoeana nao sana.

Maswali yawe membamba. "Alikuwa mtu wa namna gani?" huzaa "mpole, mcha Mungu". Ulizeni: prepu alikaa upande gani? Tranka lake lilikuwa na nini? Alimkopesha nani sabuni? Nani alimnyoa? Jibu kama "alinisaidia hesabu za logi kila Jumapili, hakutaka nimwambie mtu" linatosha kubeba ukurasa.

Msiandike kwamba alikuwa kipenzi cha wote. Mkewe anajua hakuna aliyekuwa akimpigia simu, na sentensi hiyo moja itamfanya atilie shaka zilizobaki. Mambo matano ya kweli, kila moja na jina la aliyeliona, ni bora kuliko wasifu wa kurasa nne. Kama alionewa, aliyemwonea asitumie karatasi hii kuomba msamaha hadharani. Hapo msiba unageuka kuwa wake. Kama anataka, aende mwenyewe.

Chapisheni nakala tatu: mjane, wazazi, na moja ihifadhiwe kwa ajili ya watoto. Sauti za WhatsApp hupotea simu ikiharibika. Msipeleke siku ya mazishi, maana bahasha hupotea kwenye makapu ya rambirambi. Subirini wageni waondoke, kama wiki mbili au arobaini ikikaribia, na waende watu wawili, si basi zima.

Wiki hiyohiyo ya msiba, watu wakiwa bado wanajibu ujumbe, jazeni daftari la darasa: majina matatu, kijiji, na namba ya ndugu mmoja. Anzeni na wale ambao hawajawahi kuandika chochote kundini.