Jibu: Kuigiza msiba wa kweli wa jamii ya Roma

Ndugu, umeuliza kama ni haki kupeleka jukwaani msiba wa kweli wa jamii ya Roma (watu wa jamii ya wachache barani Ulaya, si wakazi wa jiji la Roma), au ni kuuza machozi ya watu. Kwangu ni haki, tena wakati mwingine ni lazima, ilimradi wafiwa wenyewe ndio waamue kipi kisemwe.

Chukua Hungary. Kati ya Julai 2008 na Agosti 2009, Waroma 6 waliuawa katika mfululizo wa mashambulizi vijijini. Pale kijiji cha Tatárszentgyörgy, Februari 2009, nyumba ilichomwa moto usiku. Baba na mwanawe mdogo walipokimbilia nje wakapigwa risasi. Polisi waliofika walisema mwanzoni kuwa ni hitilafu ya umeme. Miili ina majeraha ya risasi, na familia inaambiwa ni ajali!

Hapo ndipo tamthilia ya ushuhuda inapohitajika, kwa sababu inatumia maneno yaleyale ya mashahidi, pamoja na kumbukumbu za mahakama. Usimwambie mwigizaji alie. Mpe sentensi ya shahidi kama ilivyo, na kigugumizi chake, na pale anaponyamaza, naye anyamaze. Kisha familia iutazame mchezo kabla ya mtu mwingine yeyote, ikiwa na ruhusa ya kufuta chochote.

Waigizaji nao watoke kwenye jamii hiyo. Bucharest, mji mkuu wa Romania, lipo kundi la maigizo la Giuvlipen, lililoanzishwa 2014 na waigizaji wanawake wa Roma, kwa hiyo hoja kwamba hawapatikani siikubali.