Batamzinga Juu ya Sinia la Pilau

Novemba kwetu ni mvua za vuli. Marekani ni majani makavu yaliyojaa barazani, na mtoto anarudi kutoka shule na karatasi aliyochora batamzinga kwa kufuatisha kiganja chake: dole gumba ndilo kichwa, vidole vinne ndio mkia. Basi mjadala unahamia jikoni. Mtoto anataka batamzinga wa Thanksgiving, Sikukuu ya Shukrani, kama wenzake, na bibi haelewi ni sikukuu gani hiyo isiyo na pilau.

Pikeni vyote viwili, mengine yapunguzeni. Siku hii huharibiwa na wingi wa vyungu: pilau, biriani, sambusa, chapati, halafu viazi vya kuponda na keki ya boga juu yake, na mpishi ni mmoja. Sambusa na chapati wapeni wageni walete.

Sikukuu yenyewe haina masharti mengi. Rais Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, na sheria ya mwaka 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba. (Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba.) Hakuna ibada ya lazima, kwa hiyo dua ya mzee wa nyumba, ya Kiislamu au ya Kikristo, inakaa mahali pake bila kugombana na mtu.

Sasa batamzinga. Kwa watu kumi hadi kumi na wawili chukua wa ratili 12, kama kilo tano na nusu. Wanaotaka wa halali waagize kwa mchinjaji mapema, maana wiki yenyewe ya sikukuu huwa wamekwisha. Aliyegandishwa huyeyuka polepole: siku nzima ndani ya friji kwa kila ratili nne au tano. Mtoe kwenye friza Jumapili asubuhi, umweke kwenye beseni lisilovuja, rafu ya chini. Wengi humtoa Jumatano usiku, na Alhamisi wanakuta barafu tumboni. Ikikufika hiyo, mzamishe kwenye maji baridi akiwa kwenye mfuko wake, nusu saa kwa kila ratili, na maji yabadilishwe kila nusu saa. Huyo wa ratili 12 atakula saa sita zako.

Kumwosha kwa ndimu chini ya bomba, kama tulivyozoea kuku, achana nako. Maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na kachumbari iliyo pembeni, na moto utawaua hata hivyo. Mfute kwa karatasi tu. Ingiza mkono tumboni na shingoni utoe kifuko cha firigisi na shingo. Kuna watu wamekioka na karatasi yake.

Jumatano asubuhi mpake chumvi ya chenga, vijiko vikubwa vitatu. Ukitumia chumvi laini, kimoja na nusu. Lebo ikisema amedungwa maji ya chumvi, ruka hatua hii. Mrudishe kwenye friji bila kumfunika, ngozi ikauke, ndipo itakapokuwa kavu na ya kahawia. Viungo vyetu viende chini ya ngozi: gramu 100 za siagi, kitunguu saumu punje sita, tangawizi, bizari nzima iliyosagwa vijiko vidogo viwili, na pilipili manga. Kitunguu saumu kikikaa juu ya ngozi kwa saa tatu kitaungua na kuwa kichungu. Ndimu nayo hulowesha ngozi. Kata vipande uviweke tumboni.

Oka kwa nyuzi 325 za Farenhaiti, kwa makadirio ya saa tatu. Usiamini saa wala rangi, nunua kipimajoto. Kichome kwenye paja penye nyama nene bila kugusa mfupa, kisha kwenye kidari. Kote kuwili kisome angalau 165. Watu wengi wanaodai batamzinga hana ladha walikula kidari kilichopitiliza.

Pilau lianze jikoni mapema. Chemsha ile shingo na firigisi pamoja na kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, saa moja na nusu, kwa sababu shingo peke yake hutoa supu nyepesi. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia iliyokolea, weka viungo, nyama na supu. Vikombe vinane vya basmati iliyolowekwa nusu saa vinahitaji kama vikombe kumi na viwili vya supu.

Hapa ndipo mapishi mawili yanaposaidiana. Batamzinga akitoka kwenye oveni lazima apumzike nusu saa kabla ya kukatwa, la sivyo maji yote yatamwagika kwenye ubao. Pilau nalo, supu ikikauka, linataka kupaliwa, na ghorofani huna makaa ya kuweka juu ya mfuniko. Oveni ndiyo imeachwa wazi na bado ina moto. Ingiza sufuria nzito isiyo na vishikio vya plastiki, funika vizuri, dakika ishirini hadi ishirini na tano.

Kama mnakula saa tisa mchana, batamzinga aingie saa tano, aanze kupimwa saa saba na nusu. Kwenye kundi la WhatsApp andika pia 3 PM, maana kijana aliyekulia huku atasoma "saa tisa" kama 9. Simu ya nyumbani ipigwe asubuhi: saa nne ya New York ni saa kumi na mbili jioni Dar na Nairobi, na saa kumi na moja Bukavu. Mkisubiri mle kwanza, bibi amelala.

Mkate kidari kukingama nyuzi, mpange juu ya pilau kwenye sinia. Watoto wale mkekani, wanne au watano kwa sinia, baada ya kunawishwa kwa birika, na kabla ya tonge la kwanza kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru. Mchuzi wa kranberi si lazima. Chatne ya ukwaju ina uchachu huohuo na inapendeza zaidi.

Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto wanapovaa mavazi ya kuigiza na kugonga milango kuomba peremende, ni hiari ya kila nyumba. Msiotaka, zimeni taa ya barazani na watoto hawatagonga. Mnaotaka, nunueni vazi kubwa kwa saizi moja lipite juu ya koti, na Waislamu wasome kama peremende zina jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Boga kubwa la kuchonga lina maji na nyuzi, halifai kupikwa. Kwa boga la nazi na iliki tafuta lile dogo la keki. Mbegu za lile kubwa zichemshwe kwenye maji ya chumvi dakika kumi, zikaushwe, zibanikwe.

Mabaki yaingie friji ndani ya saa mbili, yaliwe kwa siku tatu au nne. Mifupa ichemshwe Ijumaa asubuhi na tangawizi, supu inywewe na zile chapati za wageni.