Nitasimamaje mbele ya wakwe?

SWALI: Nimepewa kazi ya kumsemea baba kwenye sendofu ya mdogo wangu. Nikisimama mbele za watu mdomo hukauka, sauti hutetemeka na maneno hupotea. Naombeni msaada. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hongera kwa kuaminiwa na familia. Huko kukauka mdomo na kutetemeka ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na hofu: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, na sauti ikikosa pumzi lazima itetemeke. Basi anza na pumzi. Ukiwa bado kitini, vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara tano hivi. Kutoa polepole ndiko kunakotuliza.

Usikariri hotuba nzima, maana ukisahau neno moja yote yanayofuata yanakwama. Kariri sentensi mbili za kwanza na ile ya mwisho. Katikati weka hoja tatu kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja: shukrani kwa wageni, neno kwa binti, neno kwa wakwe. Karatasi ya A4 hutikisika mkononi, ukumbi mzima ukaona. Dakika 3 zinatosha kabisa.

Jizoeze ukiwa umesimama, kwa sauti, umeshika hata chupa kana kwamba ni maikrofoni. Kusoma kimoyomoyo hakuuzoezi ulimi. Maikrofoni ikae vidole vinne kutoka mdomoni. Ikishuka kifuani hutasikika, utaanza kupaza sauti na pumzi itakwisha. Kunywa maji kidogo kabla ya kuitwa. Bia ya kutafuta ujasiri tunaikataza: huzidisha ukavu wa mdomo na kuvuruga kumbukumbu.