Kutu kando ya mshono wa tangi la chuma cha pua

Ndugu, umesema tangi lako la chuma cha pua aina ya 304 linaliwa na kutu milimita chache kando ya mshono wa kuchomelea, ilhali mshono wenyewe ni mzima. Pole, nimewahi kukutana na hilo. Chuma ni punje za fuwele zilizoshikana. Joto la kuchomelea likikaa kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, atomi za kaboni zilizojipenyeza ndani ya punje huhamia mipakani, ambako atomi hazijapangika vizuri, zikaungana na kromi, metali inayokinga chuma hiki dhidi ya kutu. Kando ya mpaka kromi hupungua, kutu ikapata njia.

Msasa hautoshi. Kata sehemu hiyo, weka 304L, yenye kaboni isiyozidi 0.03%, na fundi achomelee kwa moto mdogo. Kama tangi linabeba presha, mwite mkaguzi kwanza.